Maji ya chini ndiyo yanayoua kiyoyozi

Na Zuhura Mbwana

Kila Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa tahadhari ya mvua kubwa, nyumba nyingi za Dar es Salaam huvisha viyoyozi vyao maturubai, magunia na hata vipande vya mabati. Nia ni njema, maana ile mashine imenunuliwa kwa jasho. Lakini inalindwa dhidi ya kitu kisichoidhuru. Mashine ya nje imetengenezwa ikae kwenye mvua. Nyaya zake na mota ya feni vimekingwa na maji yanayotoka juu. Kinachoiangamiza ni maji yanayopanda kutoka chini na umeme unaoyumba ndani ya waya. Turubai halizuii hata kimoja. Na likisahauliwa hapo wakati mashine inafanya kazi, joto hukosa pa kutokea na kompresa inaweza kuungua.

Pita Mikocheni, Msasani Bonde la Mpunga, au nyumba zilizo kando ya Mto Msimbazi, utazame mashine hizo zilipowekwa. Nyingi zimekaa chini, juu ya matofali mawili, nyuma ya nyumba, palepale maji yanapopita yakitafuta mtaro. Fundi anapapenda kwa kuwa hahitaji ngazi, na mwenye nyumba anapapenda kwa kuwa ukuta wake wa mbele unabaki safi. Wote wawili wanaujua mji huu. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Baada ya hayo yote, kufunga mashine sakafuni kwenye nyumba ya bondeni ni uzembe, na mimi sioni neno lingine la kuutaja.

Kinachotakiwa ni breketi imara za chuma kwenye ukuta wa nyumba, juu ya alama ya maji ya mafuriko makubwa kuliko yote yanayokumbukwa mtaani, kisha uongeze angalau futi moja. Alama hiyo waulize majirani wa siku nyingi. Watakuonyesha kwa kidole. Usikubali mashine ifungwe kwenye ukuta wa uzio, kwa sababu mafuriko huangusha uzio kabla ya nyumba. Na sisi tunaoishi karibu na bahari tukague boliti kabla ya masika na kabla ya vuli. Chumvi hula chuma kimyakimya, na siku ya upepo mkali mashine nzima inaweza kudondoka juu ya mtu.

Upande wa umeme, rimoti haitoshi. Ukizima kwa rimoti, mashine bado imeunganishwa, na umeme ukirudi kwa kishindo unaweza kuichoma ikiwa imelala. Zima kwenye breka mapema, kabla ya radi, wakati sakafu bado ni kavu. Maji yakishaingia ndani usikanyage kwenda kwenye breka. Toka nje na upige simu TANESCO. Umeme ukirudi, subiri utulie kwanza, kisha uwashe. Kompresa inahitaji kama dakika tatu ili mgandamizo wa gesi usawazike, ndiyo maana vifaa vizuri vya kulinda umeme huchelewesha kuwasha. Ila kifaa cha kulinda friji usikipachike kwenye kiyoyozi, maana hakibebi mzigo ule. Na radi ikipiga karibu, hakuna kifaa cha dukani cha kutegemea kuliko breka iliyozimwa.

Kuna jambo dogo ambalo mafundi hawalitaji mara kwa mara: bomba la kutolea maji ya mashine ya ndani. Mdomo wake ukizama kwenye dimbwi, maji hukosa njia na kurudi chumbani, yakitiririka ukutani juu ya kitanda. Likatwe juu zaidi.

Ninachokiogopa kuliko vyote ni siku ya pili baada ya mafuriko, jua linapotoka. Nyumba inanuka unyevunyevu, joto limerudi, watoto hawalali, na mtu anaona mashine ya nje imekauka kwa nje, basi anabonyeza. Hapo ndipo bodi huungua, na hapo ndipo mtu anaweza kupigwa na umeme kupitia bati la mashine, hasa kwenye nyumba isiyo na waya wa athi unaofanya kazi. Tope lililobaki ndani hushika maji kwa siku kadhaa. Mashine iliyozama isiguswe swichi mpaka fundi aifungue, aioshe, aikaushe, na apime nyaya kama zinavujisha umeme. Hata wewe usiifungue mwenyewe, kwa sababu kapasita huhifadhi umeme baada ya breka kuzimwa. Mara nyingi kompresa huokoka, kwa kuwa imefungwa pande zote. Zinazoharibika ni bodi, mota ya feni na viunganishi. Kwa hiyo fundi akikuambia nunua mpya bila kuifungua, tafuta fundi mwingine.

Swali la nani alipe lisikwepwe. Wapangaji wengi hukuta kiyoyozi kimeshafungwa, wanalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na mashine ikizama wanaambiwa watengeneze wenyewe. Si haki. Aliyechagua kuiweka chini ndiye abebe gharama ya kuinyanyua, na breketi mbili na mita chache za bomba la shaba ni nafuu kuliko bodi ya mashine ya inveta. Mpangaji anayehamia sasa aombe jambo hilo liandikwe kwenye mkataba kabla hajatoa pesa. Mwenye nyumba akikataa, amwonyeshe alama ya maji ukutani na amuulize anakusudia mashine ikae wapi masika yajayo.