Simu ya rubani si balizi, lakini isiachwe bila kazi

Ndege ndogo inayokwenda Shabunda, Kalima au Punia ikichelewa kutua, kazi ya kuitafuta huanza kwa simu. Ndugu wa familia wanapiga, wafanyakazi wa kompani wanapiga, mwenye mizigo naye anapiga. Sauti inajibu kwamba nambari haipatikani. Hapo kila mtu anabaki na swali moja: ile simu iliyo mfukoni mwa rubani, haiwezi kuonyesha mahali alipo?

Swali hilo ni la haki. Mashariki mwa Congo, pahali ambapo barabara imekufa, ndege ndogo ndiyo basi ya mwalimu, ya mgonjwa na ya mfanyabiashara. Ndege ikianguka porini, mtu aliyevunjika mguu anaweza kupona akifikiwa mapema, na anaweza kufa akifikiwa baada ya siku tatu. Jibu ni kwamba simu inaweza kusaidia, tena sana, lakini kwa masharti yanayotayarishwa mapema, ndege ikiwa bado chini. Kampuni yoyote inayofikiri kwamba simu itachukua nafasi ya balizi ya dharura inacheza na maisha ya watu.

Kwanza ijulikane balizi ni kitu gani. Ni chombo kidogo kinachofungwa ndani ya ndege, mara nyingi upande wa mkia. Ndege ikigonga chini kwa nguvu, balizi inajiwasha yenyewe na kutuma ishara kwenye masafa ya 406 MHz, takriban kila sekunde 50. Ishara hiyo inapokelewa na setelaiti za mpango wa kimataifa unaoitwa Cospas-Sarsat, ulioanzishwa na Canada, Ufaransa, Marekani na Umoja wa Kisovyeti wa wakati ule. Watu wa kwanza kuokolewa kwa njia hiyo walikuwa watatu wa ndege ndogo iliyoanguka katika milima ya Canada, Septemba 1982.

Balizi ya 406 MHz haiulizi kama kuna rezo. Inatuma pia nambari yake, na kama nambari hiyo imeandikishwa vizuri, waokoaji wanajua mara moja ni ndege gani na mwenyewe ni nani. Ikiwa ina GPS ndani yake, inaweza kuonyesha mahali kwa tofauti ya mita mia moja hivi. Isipokuwa nayo, setelaiti zinapiga hesabu na kutoa eneo la kilomita chache. Balizi za zamani zilizotumia 121.5 MHz peke yake hazisikilizwi tena na setelaiti tangu tarehe 1 Februari 2009. Ndege yenye balizi ya namna hiyo leo inaita, lakini juu hakuna setelaiti inayosikia.

Simu inafanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Watu wengi wanafikiri kwamba kwa sababu simu ina GPS, basi kuna mtu mahali fulani anayeiona. Si kweli. GPS inapokea tu. Simu inasikiliza setelaiti, inajua yenyewe iko wapi, lakini ili imwambie mtu mwingine inahitaji antene ya Vodacom, Airtel, Orange au nyingine iliyo karibu. Bila antene, habari hiyo inabaki ndani ya simu na kuzimika pamoja na betri.

Hata antene ikiwepo, mipaka ni mingi. Katika mfumo wa GSM, antene moja kwa kawaida haihudumii simu iliyo mbali zaidi ya kilomita 35. Inapima umbali wa simu kwa hatua za mita 550 hivi, lakini haijui vizuri upande. Kwa hiyo antene moja inatoa kipande cha duara, si nukta. Ili nukta ipatikane, zinatakiwa antene tatu zinazosikia simu ileile. Mjini Bukavu au Kisangani hilo linawezekana. Katika pori la Shabunda, mwenye bahati anapata antene moja, na hiyo moja inaweza kuzimika mafuta ya jenereta yakikosekana au mapigano yakifika. Pia simu isiyopata rezo hutafuta bila kupumzika na kumaliza betri haraka.

Mfano mkubwa ni wa ndege MH370 ya Malaysia, iliyopotea tarehe 8 Machi 2014 ikiwa na watu 239. Uchunguzi wa serikali ya Malaysia ulionyesha kwamba simu ya rubani msaidizi ilishikwa kwa muda na antene ya kisiwa cha Penang usiku ule. Habari hiyo ilisaidia kuthibitisha kwamba ndege ilikuwa imegeuka na kuacha njia yake. Lakini haikusema ilikomea wapi. Simu iligusa antene, kisha ndege ikaendelea na safari yake kwenye bahari isiyo na antene hata moja.

Je, basi simu haina faida? Hapana. Nchini Marekani, kikosi cha kujitolea cha Civil Air Patrol kina timu maalumu inayochunguza habari za simu wakati ndege au mtu amepotea. Timu hiyo inaomba kampuni ya simu iseme antene ya mwisho, saa ya mwisho na umbali wa mwisho, kisha inalinganisha na ramani ya milima na habari za rada. Badala ya kutafuta katika jimbo zima, waokoaji wanatafuta katika bonde moja au mawili. Faida ya simu ni hiyo: inapunguza eneo la kutafuta, na saa zinazookolewa hapo ndizo zinazookoa watu.

Faida hiyo si ndogo, maana balizi nayo inaweza kushindwa. Waya wa antene yake unaweza kukatika wakati wa ajali, moto unaweza kuiteketeza, betri yake inaweza kuwa imepitwa na muda. Steve Fossett, Mmarekani aliyejulikana dunia nzima kwa safari zake za angani, aliondoka na ndege ndogo huko Nevada tarehe 3 Septemba 2007 na hakurudi. Hakuna ishara ya balizi iliyosaidia kumpata. Alitafutwa kwa ndege nyingi, lakini mabaki yalionekana baada ya mwaka mzima, Oktoba 2008, katika milima ya California, kwa sababu mtu aliyekuwa akitembea kwa miguu aliokota vitambulisho vyake.

Congo nayo ina historia yake. Tarehe 1 Septemba 2008, ndege ya misaada ya kibinadamu iliyotoka Kisangani iligonga mlima karibu na Bukavu ilipokuwa ikijiandaa kutua, na watu wote 17 wakafa. Tarehe 10 Oktoba 2019, ndege ya Antonov 72 iliyoondoka Goma kuelekea Kinshasa na watu 8, kati yao watumishi wa Ofisi ya Rais, ilipotea kwenye mawasiliano dakika 59 baada ya kuruka. Ilianguka Sankuru. Ikiwa ndege iliyobeba watu wa Ofisi ya Rais inaweza kupotea hivyo, mama anayetoka Kalima na magunia yake atafutwe kwa njia gani?

Kuna mambo manne yanayoweza kufanywa bila kungojea msaada wa nje.

La kwanza, balizi. Mamlaka ya anga ya kiraia, AAC, isikubali ndege iruke bila balizi ya 406 MHz iliyoandikishwa na yenye betri ambayo haijapitwa na muda. Sheria za kimataifa za OACI zinadai chombo hicho, kwa hiyo hakuna sheria mpya ya kutunga, kuna ukaguzi wa kufanya. Rubani anayeweza aongeze balizi ndogo ya mfukoni. Haihitaji rezo wala malipo ya kila mwezi, na inatuma ishara kwa saa 24 au zaidi.

La pili, nambari. Karatasi ya safari inayobaki uwanjani iwe na nambari za simu za rubani na msaidizi wake, aina ya kadi wanazotumia, na jina la mtu mmoja anayejua saa ya kutua. Bila nambari, kampuni ya simu haina cha kutafuta.

La tatu, makubaliano. RVA, AAC, mamlaka ya mawasiliano ARPTC na kampuni za simu ziandike utaratibu mmoja: ndege ikipita muda wake, ofisi ya uokoaji inaomba antene ya mwisho, na jibu linatoka ndani ya saa moja, usiku au mchana, Jumapili au sikukuu. Habari hiyo iko kwenye mashine za kampuni tayari. Kinachotakiwa ni mtu mwenye ruhusa ya kuifungua, na nambari yake ijulikane kabla ya ajali.

La nne, mazoea ya rubani mwenyewe. Simu iwe imejaa chaji kabla ya kuruka, nayo ikae mwilini, si kwenye mfuko uliotupwa nyuma. Aliyepona ajali asipige ovyo hadi betri iishe. Asome kwanza nambari za GPS za mahali alipo, aziandike kwenye SMS, azime simu, kisha ajaribu kutoka mahali pa wazi au pa juu kwa saa alizojipangia. SMS fupi hupita mahali ambapo sauti inakatika. Na kama ndege haijabomoka sana, akae karibu nayo, kwa kuwa bati la ndege linaonekana kutoka juu kuliko mtu peke yake chini ya miti.

Wengine watasema: na simu za setelaiti? Thuraya inajulikana sana mashariki, na tangu Novemba 2022 kuna simu za kawaida zinazoweza kutuma ujumbe wa dharura kwa setelaiti, huduma iliyoanzia Marekani na Canada. Ni maendeleo mazuri. Lakini rubani asinunue simu akifikiri huduma inakuja nayo popote duniani. Aulize kwanza kama inakubaliwa nchini Congo. Na GPS yenyewe si ya kutegemea peke yake: mwaka 2024 Umoja wa Mataifa ulilalamika kwamba ishara zake zinavurugwa katika anga la mashariki.

Kuna pia hofu nyingine ambayo haifai kudharauliwa. Katika eneo la vita, kutoa habari za mahali simu ilipo ni jambo la hatari. Leo ni rubani aliyeanguka, kesho inaweza kuwa mwandishi wa habari au mtetezi wa haki anayewindwa. Ndiyo sababu makubaliano hayo yawe ya maandishi na ya mipaka: nambari zilizoandikwa kwenye karatasi ya safari peke yake, kwa ndege iliyotangazwa kuwa imepotea peke yake, na kila ombi libaki kwenye daftari linaloweza kukaguliwa. Mpango bila mipaka utaogopesha, na marubani watazima simu zao.

Mwisho, wakaaji wa vijiji wasisahauliwe. Ndege ikianguka, mara nyingi wa kwanza kusikia kishindo ni mkulima au mchimbaji wa madini. Ana simu, lakini hajui nani wa kupigia. Nambari moja ya uokoaji, itangazwe kwenye redio za vijijini na ibandikwe kwa chifu wa kijiji, inaweza kufanya kazi pahali ambapo simu ya rubani imevunjika pamoja naye.

Gharama ya hayo yote ni ndogo kuliko bei ya ndege moja. Abiria anayepanda asubuhi kwenda Shabunda ana haki ya kumuuliza mwenye ndege maswali mawili kabla ya kulipa: balizi yenu inafanya kazi? Na tukichelewa, nani anajua nambari ya rubani? Kampuni isiyo na jibu haijawa tayari kuruka.