Nguvu unayo wewe, moshi anavuta nani?

Jamani, ushabiki ni ugonjwa. Sisi tunaujua kwa Simba na Yanga, lakini wenzetu wa Idaho, Montana, Alaska na magharibi ya Kanada wanao wa kwao: ushabiki wa injini. Watu wazima, wenye kazi na familia zao, wanakesha wakibishana ni injini ipi inafaa kwenye pikipiki ya theluji. Na kuna kambi moja ina sauti kubwa kuliko zote. Hao wanasema dawa ni moja tu: tustroki kubwa, cc 500 na kuendelea. Nyingine zote ni cherehani.

Leo nina ugomvi na kambi hiyo. Na usiniulize mtoto wa Dar es Salaam anatafuta nini kwenye theluji. Tulia, soma, utaona moshi huu unafika mpaka kwetu.

Kwanza tuelewane. Kwa kawaida pikipiki ya theluji haitoki kiwandani ikiwa hivyo. Unachukua pikipiki ya mashindano ya vumbi, unang'oa gurudumu la mbele na kuweka ski moja, kisha unang'oa gurudumu la nyuma na kufunga mkanda mrefu wa mpira wenye meno, kama wa katapila. Vifaa hivyo vinauzwa kwa dola elfu kadhaa, na pikipiki yenyewe hujainunua bado. Kampuni ya Timbersled ya mji wa Sandpoint, Idaho, ndiyo iliyoufanya mchezo huu ujulikane, hata Polaris, kampuni kubwa ya mashine za theluji, ikainunua mwaka 2015. Mwaka 2017 mchezo ukaingia kwenye X Games kule Aspen, Colorado, na Mkanada Brock Hoyer akaondoka na dhahabu.

Wengi wanafunga mkanda huo kwenye pikipiki za cc 450 za fostroki. Tatizo ni kwamba mkanda ni mlafi. Kuuzungusha peke yake kunakula nguvu nyingi, halafu kuna theluji ya kiunoni ya kuipasua, halafu kuna mlima. Na kadiri unavyopanda hewa inakuwa nyembamba: injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300. Ukifika mita 3,000 karibu theluthi moja imeyeyuka. Hapo ndipo mtu anaanza kuota injini kubwa zaidi.

Na ndoto yake ina mantiki, nisimsingizie. Injini ya mipigo miwili inawaka kila krenki inapozunguka mara moja, wakati ya mipigo minne inasubiri mizunguko miwili. Haina valvu, haina kemshafti, ni nyepesi, na fundi mwenye spana chache anaweza kuifungua na kubadilisha pistoni mezani kwake. Kwa ujazo ule ule inatoa nguvu zaidi. Ndiyo maana mashine kubwa za theluji, zile za kukalia zenye ski mbili, hazijaiacha tustroki hadi leo. Mtu akisema tustroki ni nyepesi na ina nguvu, anasema kweli.

Lakini kambi yangu haiishii hapo. Inakwenda kufukua makaburi. Inatafuta Honda CR500, ambayo iliacha kutengenezwa mwaka 2001, au Kawasaki KX500, iliyokoma mwaka 2004. Wengine wanaichomoa injini ya CR500 na kuibandika kwenye fremu mpya ya aluminiamu, kisha wanaifunga mkanda wa theluji. Halafu wanakuambia hii ndiyo mashine ya mwanaume.

Mwanaume yupi? Tumpeleke mlimani tumtazame.

Injini hizo zinatumia kabureta. Kabureta haina akili. Inapitisha petroli kulingana na tundu la jeti ulilofunga asubuhi. Baridi kali inaifanya hewa kuwa nzito, kwa hiyo unahitaji jeti kubwa, la sivyo mchanganyiko unakuwa mkavu, pistoni inapata moto na kukwama kwenye silinda. Ukipanda juu hewa inakuwa nyepesi, sasa unahitaji jeti ndogo, la sivyo injini inakoroma na plagi inalowa. Bondeni asubuhi nyuzi 20 chini ya sifuri, kileleni mchana jua linawaka. Jeti ipi utafunga? Ukiweka ya bondeni, kileleni unakosa nguvu zile zile ulizofuata. Ukiweka ya kileleni, unashuka jioni ukiombea pistoni.

Na hapa si barabarani ambapo pistoni ikikwama unasukuma pikipiki mpaka gereji. Mkanda unazungushwa na injini mlimani, mbali na barabara, kwenye baridi inayoua, mahali ambapo maporomoko ya theluji huzika watu kila msimu. Injini hizo hazina stata ya umeme. Ni kiki tu. Hebu jaribu kupiga kiki injini ya cc 500 yenye silinda moja huku umezama kwenye theluji hadi kiunoni, huna pa kukanyaga, mikono imekufa ganzi. Wenzako wameshapita ng'ambo ya mlima. Hizo nguvu za farasi 60 zitakusaidia nini wakati huo?

Hayo ni ya kwake mwenyewe. Mtu mzima ana haki ya kujihatarisha. Ugomvi wangu mkubwa ni ule moshi.

Kwenye tustroki ya kabureta, mchanganyiko mpya unaingia kwenye silinda wakati mlango wa moshi bado uko wazi. Unausukuma moshi wa zamani utoke, na sehemu yake nayo inatoka humo humo kabla ya kuungua. Wataalamu hutaja robo ya mafuta, wengine hadi karibu theluthi. Yaani unanunua lita 10, na mbili au tatu unazipulizia hewani. Juu yake ongeza oili, maana tustroki inakunywa oili iliyochanganywa na petroli na kuiunguza nusunusu. Ule mvuke wa buluu unaouona ndio huo. Humo mna benzini, na benzini ni kemikali inayosababisha saratani. Halijaanza leo kujulikana.

Wenye theluji wenyewe wanalijua zaidi, kwa sababu liliwatokea mlangoni. Mbuga ya Yellowstone ndiyo hifadhi ya taifa ya kwanza Marekani, ilianzishwa mwaka 1872. Miaka ya 1990 mashine za theluji zilikuwa zikipanga foleni kwenye lango la magharibi asubuhi, injini zikiunguruma, moshi ukitanda kwa sababu hewa ya baridi haipandi. Wafanyakazi wanaokata tiketi walikuwa wakipata maumivu ya kichwa na kichefuchefu, ikabidi vibanda vyao viwekewe mabomba ya kuwavutia hewa safi. Mwaka 2002 dunia ikawaona askari wa hifadhi wamevaa vinyago vya kuzuia gesi. Katikati ya pori! Watu wanakwenda Yellowstone kuvuta hewa, na anayewapokea getini amevaa kinyago.

Serikali ya Clinton iliamua Januari 2001 kuziondoa mashine hizo hatua kwa hatua. Serikali ya Bush ikapindua. Kesi zikafunguliwa, mahakama moja ikasema hivi, nyingine ikasema vile. Hatimaye, kuanzia msimu wa 2004-2005, zikaruhusiwa 720 tu kwa siku, ziwe za teknolojia safi, na ziongozwe na mwongoza watalii. Tustroki za kabureta zikabaki nje ya lango. Na utalii wa theluji haukufa, kinyume na vile wafanyabiashara walivyokuwa wakilia.

Sasa najua mtanijibu nini. Mtasema, pikipiki hizi ni chache, mlima ni mkubwa, moshi wake ni sawa na chozi la samaki baharini. Sawa. Lakini getini pale Yellowstone nako kila mwenye mashine aliona yake ni moja tu. Moshi hauhesabu kwa wastani wa mlima mzima. Unahesabiwa pale alipo mtu anayeuvuta: kwenye maegesho, kwenye njia ya kupandia, nyuma yako alipo rafiki yako. Na mtasema ni uhuru wenu. Uhuru unaoishia kwenye mapafu ya mwingine una jina lingine.

Kazi hii ya uandishi wa habari imenifundisha swali moja la kuuliza kila ninapoona mtu anajisifu: nani analipa? Bajeti ikisomwa, nani analipa? Barabara ikizinduliwa, nani analipa? Na hapa nauliza hivyo hivyo. Nguvu ni za anayeendesha. Moshi analipa aliye nyuma.

Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba halikuwa lazima. Sipigani na tustroki. Napigana na uvivu uliojificha nyuma ya ushabiki. Kampuni ya Ski-Doo imekuwa ikitumia injini za Rotax E-TEC tangu modeli za 2009, ambapo petroli inapulizwa ndani ya silinda moja kwa moja, baada ya mlango wa moshi kuzibwa au ukikaribia kuzibwa, ili isitoroke. Mwaka 2017 KTM ikaleta tustroki za cc 250 na 300 zenye sindano za mafuta badala ya kabureta, pampu ya oili na stata ya umeme, na kompyuta inayosoma baridi na urefu wa mlima na kurekebisha mchanganyiko yenyewe. Ukitaka nguvu kileleni, Ski-Doo wameuza tustroki yenye turbo ya kiwandani tangu modeli za 2020. Teknolojia ipo, inauzwa, imejaribiwa kwenye theluji hiyo hiyo. Aliye na pesa ya kununua vifaa vya dola elfu kadhaa kwa ajili ya kujifurahisha Jumamosi hawezi kuniambia kwamba sindano za mafuta ni ghali.

Sasa tuje kwetu, maana niliahidi. Teremka Feri, au nenda Mwanza ufukweni. Tazama mashine za boti. Tustroki za kabureta ni nyingi, na zinauzwa mpya. Huko Marekani na Ulaya sheria za moshi zimeshaziondoa madukani. Zinapokataliwa kule, soko lake linabaki sisi. Mvuvi wetu anazinunua kwa sababu zinamudu mfuko wake, spea zipo, na fundi anazitengeneza mchangani. Simlaumu. Yeye hana anasa ya kuchagua. Anachagua kati ya mashine hiyo na kasia.

Lakini mwenye kuchagua yupo. Yuko Idaho na pikipiki yake. Mnakumbuka simu za mkononi miaka ya 90 zilikuwa za wakubwa tu? Waliokuwa na pesa walinunua kwanza, viwanda vikazalisha nyingi, bei ikashuka, leo muuza karanga anayo. Tustroki safi nayo itatufikia kwa njia hiyo hiyo au haitatufikia kabisa. Ikiwa mwenye dola anaikataa na kurudi kufukua injini ya mwaka 2001 kwa sababu ya harufu na mlio, kiwanda kitahangaika kuishusha bei kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya mvuvi wa Mwanza?

Kwa hiyo ombi langu kwa kambi ya cc 500 ni fupi. CR500 ni mashine ya heshima. Isafisheni, ing'arisheni, iwekeni sebuleni watoto waione. Mkitaka tustroki mlimani, nunueni yenye sindano, na mkitaka kubwa zaidi, ukelele mnaotupigia sisi wapigieni KTM na wenzake watengeneze kubwa zaidi iliyo safi. Hapo nitawapigia makofi.

Vinginevyo msituite cherehani. Cherehani walau haimvutishi moshi mtu aliyeketi jirani.