Mawazo ya Kubadili Dunia Yasiyofika Mbagala

Jamani, hivi ni lini tulikubaliana kwamba wazo la kubadili dunia lazima lisemwe kwa Kiingereza, ndani ya ukumbi wenye kiyoyozi, na likishasemwa tupige makofi twende kula? Nauliza kwa sababu kazi hii ya kuripoti imenipeleka kwenye makongamano ya namna hiyo mara nyingi, mpaka naweza kuyasimulia nikiwa nimefumba macho. Kuna zulia jekundu, kuna taa, kuna kipaza sauti cha kubandika shavuni, na kuna kijana nadhifu anayeanza na habari za bibi yake wa kijijini. Dakika zake zikiisha, Afrika imeshaokolewa. Anapanda mwingine, naye anaiokoa tena.

Ukumbi wenyewe utaukuta Masaki au Mikocheni. Afrika inayookolewa iko Tandale, Manzese, Tandika na Mbagala. Katika kongamano moja la karibuni, mhudumu wa vinywaji aliniinamia akaninong'oneza: "Samahani kaka, hivi hawa wanahubiri au wanauza kitu?" Nilicheka, lakini lile swali lilikuwa zito kuliko yote yaliyoulizwa siku ile. Kwa kweli lilikuwa swali pekee, maana ratiba haikuwa na nafasi ya maswali. Aliyekuwa jukwaani alikuwa akizungumzia usafiri wa watu wa kipato cha chini, na aliyekuwa amepanda daladala mbili kufika kazini asubuhi ile alikuwa amesimama pembeni na trei ya juisi, haelewi kinachosemwa.

Mtindo huu ulitua kwetu kwa kishindo Juni 2007, pale TEDGlobal ilipofanyika Arusha. TED ni mikutano iliyoanzia Marekani mwaka 1984, na kanuni yake maarufu ni kwamba mzungumzaji hapewi zaidi ya dakika 18. Wengi wa rika langu tulikuwa wadogo wakati ule, hotuba za Arusha tumekuja kuziona baadaye kwenye intaneti. Nakiri, nyingine ni moto. Marehemu George Ayittey, mchumi wa Ghana, aliwagawa Waafrika kuwa duma wenye mbio na viboko waliojilaza kwenye matope. Andrew Mwenda, mwandishi wa habari wa Uganda, aliishambulia misaada ya nchi tajiri mpaka mwanamuziki Bono akasikika akimpinga kutoka kwenye viti. Angalieni sasa: tunachokikumbuka ni ule ubishi! Wazo lilikutana na mtu asiyekubaliana nalo, na hapo ndipo watu walipoamka.

Yupo pia William Kamkwamba wa Malawi. Alikuwa na miaka 19 alipopanda jukwaani Arusha. Njaa ya mwaka 2002 ilimtoa shuleni kwa kukosa ada, akaenda kujisomea maktaba, akajenga kinu cha upepo cha kuzalisha umeme kwa vipuri vya baiskeli na vyuma chakavu. Watu huwa wanaisimulia habari hii kama muujiza wa kutokukata tamaa. Mimi naisoma kivingine. Kitabu alichokitumia kilikuwa cha Kiingereza, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga, kwa hiyo alitegemea zaidi michoro. Hebu jiulizeni, ni wangapi walifunua kitabu kama kile wakakirudisha kwenye kabati kwa sababu michoro peke yake haikuwatosha? Hao hawaitwi jukwaani.

Wapo watakaosema: ndugu yangu, haya mambo ya kitaalamu hayasemeki kwa Kiswahili, na mtu wa Temeke ana shida zake, hana muda wa mawazo makubwa. Haya, turudi mwaka ule ule wa 2007. Miezi mitatu baada ya Arusha, tarehe 15 Septemba, Dk. Wilbroad Slaa alisimama Mwembe Yanga, Temeke, akasoma orodha ya watu 11 aliowatuhumu kwa ufisadi. Hapakuwa na zulia. Palikuwa na vumbi, na umati uliosimama juani. Mnaweza kumkubali Slaa au kumkataa, hilo si hoja yangu leo. Hoja yangu ni kwamba mambo yaliyotajwa pale yalikuwa ya benki kuu, mikataba na akaunti ya madeni ya nje iliyoitwa EPA. Yapo magumu kuliko hayo? Lakini baada ya muda si mrefu EPA ilikuwa inajadiliwa kwenye vijiwe vya kahawa na kwenye daladala, watu wakibishana, wakiulizana, wakikosoana. Januari 2008, baada ya ukaguzi wa akaunti hiyo, Rais Kikwete alimwondoa Gavana wa Benki Kuu. Sasa niambieni, ni mkutano gani wa 2007 uliotikisa nchi, ule wa hotelini au ule wa vumbini?

Nisieleweke vibaya. Sipingi mawazo, wala sina chuki na Kiingereza. Ninachopinga ni tabia ya kumfanya mwananchi kuwa mfano ndani ya hotuba asiyoisikia. Chukueni panya buku wa Morogoro. Shirika la APOPO linawafunza pale Chuo Kikuu cha Sokoine kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alipelekwa Cambodia na mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza. Mwasisi wa shirika hilo aliieleza kazi hii kwenye jukwaa la TEDx Rotterdam mwaka 2010, na alifanya vizuri. Ila wanaowafunza panya hao kila siku ni Watanzania. Lini tutawasikia wao, kwa Kiswahili, wakiulizwa maswali na watu wa Mbagala ambao kifua kikuu wanakijua kwa kukohoa?

Kwa hiyo nawaambia waandaaji, ambao wengi ni vijana wenzetu tuliokaa nao Mlimani: Kiswahili kiwe lugha ya kwanza, na mgeni asiyekijua awekewe mkalimani. Nusu ya muda iwe ya maswali. Kiingilio kiwe bure, na mkutano ufanyike Mwembe Yanga au kwenye uwanja wa shule Tandale, siku ya Jumapili, siyo Jumatano saa nne asubuhi wakati watu wako kwenye mihangaiko. Mfadhili akikataa kwa sababu picha hazitapendeza, mtakuwa mmeshajua alikuwa anagharamia nini.

Na nyie wenye mawazo, msiogope. Kama wazo lako la usafiri, la maji au la mikopo haliwezi kuvumilia maswali matatu ya mama lishe wa Tandika, bora ulijue hilo mapema, kabla hujamchukulia mtu fedha kwa jina la mama huyo.

Nawasilisha.