Mtihani wa Famasi ni Amana ya Mgonjwa

Kijana wa Paje anayesomea famasi ana safari ya karibu kilomita 50 mpaka mjini. Huko Mbweni, kwenye Skuli ya Afya ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, unamngojea mtihani ambao wengi hudhani ni wa kukariri majina ya dawa. Dhana hiyo ni potofu, na twaona ni wajibu wetu kuisahihisha kabla haijamdhuru mtu.

Mganga huandika na muuguzi huuguza, lakini mara nyingi mkono wa mwisho unaompa mgonjwa dawa ni wa fundi dawa. Akikosea yeye, nyuma yake hapana wa kusahihisha. Wakala wa Chakula na Dawa wa Zanzibar, uliotokana na sheria ya mwaka 2006, waweza kukagua duka na kupima ubora wa dawa. Hauwezi kusimama kila saa mezani pa kutolea dawa. Hapo husimama elimu ya kijana peke yake.

Natuchukue mfano mdogo. Mama amekuja na mtoto mwenye homa, uzito wake kilo 12. Mganga ameagiza parasetamoli ya maji, miligramu 15 kwa kila kilo, na chupa iliyopo ina miligramu 120 katika kila mililita 5. Mtoto huyo anahitaji miligramu 180, yaani mililita saba na nusu: kijiko kimoja na nusu cha kupimia dawa, si kijiko cha jikoni, ambacho kila nyumba ina cha ukubwa wake. Hesabu hii si ngumu, lakini nukta moja ikihama mahali pake, mtoto atapewa mara kumi ya haki yake.

Na majina je? Klopromazini ni dawa ya maradhi ya akili. Klopropamidi ni ya kisukari. Aliyekariri kwa pupa usiku wa kuamkia mtihani atazichanganya. Tena, amoksilini ikiandikwa mara tatu kwa siku, maana yake ni kila baada ya saa nane: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa nne usiku. Mgonjwa asipoelezwa, ataifuatanisha na chakula chake.

Kwa hiyo nasaha yetu ni hii. Mwanafunzi na aanze miezi kabla, si siku kabla. Afanye hesabu chache za vipimo kila siku kwa mkono wake. Akae na wenziwe, mmoja awe mgonjwa na mwingine fundi. Fundi aeleze matumizi ya dawa kwa Kiswahili chepesi, kisha amtake mgonjwa ayarudie. Vitabu vya fani hii vingi ni vya Kiingereza, lakini mama wa Paje ataka kuelezwa kwa lugha yake. Asiyeweza kuvuka kutoka lugha ile hadi hii hajawa tayari, hata akipata alama mia.

Ama wale wanaotafuta karatasi za mtihani kwa njia za uchochoroni, twawaambia wazi: anayeibiwa hapo si msimamizi, ni mgonjwa.

Wazee nao wana sehemu yao. Tangu kilimo cha mwani kilipoanza Paje mwaka 1989, kina mama wengi wamesomesha watoto kwa jasho la pwani. Twawaheshimu kwa hilo, na twawaomba jambo moja zaidi: bamvua la wiki za mtihani lisimkute mwanafunzi akifunga mwani. Na ndugu zake wanaopata mshahara mahotelini wamchangie nauli na taa ya kusomea.

Hasara ya juma mbili za pwani italipwa. Siku kijana huyo atakaposimama mezani na cheti chake halali, watakaofika mbele yake ni mama zao, watoto wao na wageni wao. Basi na asome kana kwamba dawa anayoipima mtihanini itanywewa nyumbani kwao.