Boksi Zuri, Kioo Chenye Doa

Msimu wa vitunguu ukiwa mwema, neema yake huonekana haraka Ruaha Mbuyuni. Malori yakishapakia na kushika njia, mzazi hulipa madeni, hununua mabati, kisha hukumbuka ahadi aliyomwekea mwanawe aliyefaulu mitihani. Siku hizi ahadi hiyo aghalabu ni gemu la mkononi. Fedha hutumwa kwa simu hadi Kariakoo, kifurushi hupakiwa katika basi la Iringa au Mbeya, na hushushwa pale barabarani kikiwa ndani ya boksi linalong'aa. Iwapo gemu lenyewe lina kheri kwa mtoto, hilo limejadiliwa sana, na leo tuliache. Tunalozungumza ni muamala.

Boksi hufunguliwa, mashine huwashwa, na katikati ya kioo kuna nukta nyeusi isiyoondoka. Au picha inapokwenda kasi huacha kivuli nyuma yake. Au kioo ni hafifu kiasi kwamba katika jua la Mbuyuni mtoto haoni kitu mpaka ajifunike kanga ya mama yake. Boksi halikusema lolote kati ya hayo.

Wala si mashine za bei ndogo pekee. Tarehe 5 Juni 2025 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa mashine yake ya Switch 2, yenye kioo cha inchi 7.9, kwa bei ya dola 449.99 huko Marekani. Wanunuzi wengi walilalamika kuwa picha zake huacha ukungu zinapokwenda kasi. Katika duka moja la GameStop, Staten Island, jijini New York, wauzaji walibana risiti juu ya maboksi kwa stepla. Kwa kuwa mashine hukaa karibu kabisa na mfuniko, pini zilipenya na kutoboa vioo, na duka likalazimika kuwabadilishia wateja. Boksi la kupendeza, lakini kazi ya boksi ni kulinda kilichomo.

(Kioo hicho pia kina utando kiliobandikwa nao kiwandani, na kampuni imeonya usibanduliwe. Wazazi wawaonye watoto, na mafundi wa kubandika protekta vilevile.)

Uislamu ulilizungumzia pambo la nje linaloficha upungufu wa ndani kabla ya kuwapo boksi wala kioo. Waarabu walikuwa na hila inayoitwa tasriya: mwenye ngamia au mbuzi huacha kumkamua siku kadhaa, kiwele kikajaa, mnunuzi akadhani amepata mnyama wa maziwa mengi. Mtume (Rehema na Amani zimshukie) aliikataza hila hiyo. Katika Hadithi ya Abu Hurayra iliyopokewa na Bukhari na Muslim, aliyenunua mnyama wa namna hiyo ana khiyari: akiridhika abaki naye, asiporidhika amrudishe pamoja na pishi moja ya tende kwa maziwa aliyokwisha kuyakamua. Hapa hapakuwa na neno la uongo lililotamkwa. Kiwele ndicho kilichosema uongo, na muuzaji akabebeshwa.

Tusinyooshe kidole Kariakoo peke yake. Mkulima wetu anayelia, kwa haki, juu ya lumbesa ya mnunuzi, hujua pia namna ya kupanga vitunguu vinono mdomoni mwa gunia na vilivyolowa katikati. Mtume alipotia mkono ndani ya rundo la chakula sokoni akakuta unyevu, mwenye mali alijitetea kwa mvua. Hakulaumiwa kwa mvua. Alilaumiwa kwa kutokuuweka unyevu juu, watu wakauona.

Sasa, kibao kilichotundikwa katika maduka mengi kwamba mali ikishauzwa hairudishwi kina nguvu gani? Kwa madhehebu ya Imam Shafii, ambayo wengi wetu tunayafuata, kauli yenye nguvu ni kwamba sharti la muuzaji kujivua aibu za bidhaa halimwokoi, isipokuwa aibu ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Gemu si mnyama. Na aibu ni kile kinachopunguza thamani kwa desturi ya wafanyabiashara, hivyo nukta moja pembezoni huenda isihesabiwe, lakini ya katikati ni shida kuitetea. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza kumpotosha mlaji.

Haki hii ina ukali wake kwa mnunuzi. Anapogundua aibu yampasa arudishe bila kuchelewa, na asiendelee kuitumia bidhaa. Mtoto akicheza wiki nzima huku baba ameshaiona ile nukta, huko ni kuridhia.

Kwa hiyo ni afadhali uchunguzi ufanyike dukani. Balbu tunajaribiwa kabla ya kulipa, redio huwashwa, kwa nini mashine ya maelfu ya shilingi ipite kwa heshima ya boksi? Mnunuzi wa mbali amwombe ndugu aliyeko Dar es Salaam afike, aiwashe, aweke picha nyeupe tupu kisha nyeusi tupu, akikague kioo pembe hadi pembe, na achukue risiti. Muuzaji akiona boksi likifunguliwa litapoteza thamani, waafikiane mapema nani atabeba hasara hiyo.

Yabaki mapito ya barabarani. Kabla mnunuzi hajakipokea kifurushi, dhamana ni ya muuzaji. Lakini mnunuzi akimtaja kondakta fulani na kusema mpe huyu, huyo amekuwa wakili wake, na kioo kikipasukia njiani muuzaji hadaiwi. Neno hilo lisemwe katika simu ileile ya kutuma fedha.