Jezi Kuukuu Si Tambara

Mwandishi aliyeandika kwamba kutunza jezi na tiketi za mpira ni kurundika takataka, kwa kuwa hazina bei kama kadi za besiboli za Marekani, amekosea. Kadi ya mchezaji Honus Wagner inayouzwa mamilioni ya dola leo ilitoka ndani ya pakiti ya sigara. Ilipata thamani kwa sababu kuna walioitunza.

Huku kwetu Tanzania, Stand United, timu ya watu wa stendi ya mabasi, ilipanda Ligi Kuu 2014, ikashuka 2019. Tiketi yangu ya Uwanja wa Kambarage imefifia wino, kona imechanwa getini. Siitupi. George Mpole alifunga mabao 17 akiwa Geita Gold, akawa mfungaji bora wa msimu wa 2021/22. Jezi yake ya msimu ule nani anayo?