Kitanda cha Dubai Kina Bei Gani?

Jambo nitakalolisema limenikaa kooni tangu likizo ya Agosti 2025. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, basi na nilitapike.

Katika shule hii mwanafunzi akisema ana ndugu Dubai hushangiliwa kama kwamba ametoka huko yeye mwenyewe. Mimi nilipokuwa kidato cha kwanza nilitamba bwenini kwamba dada yangu anakaa kwenye majumba marefu yale ya pichani. Jamani, nilikuwa nikidanganya bila kujua! Dada alikuwa Deira, mtaa wa zamani, mbali na Burj Khalifa. Hakuwa na nyumba wala chumba. Alikuwa na kitanda. Sebule ya watu ilikatwa kwa mbao ikawa vijichumba vitatu, kila kimoja na kitanda cha ghorofa, watu sita kwa jumla, na leso aliyopewa na mama ndiyo iliyokuwa pazia lake. Bafu moja. Ukichelewa dakika tano foleni imekupita, sawasawa na hapa kwetu Jumatatu asubuhi. Kupika ni kwa zamu, na zamu yake ilikuwa saa tano usiku. Kunguni nao sisemi, maana wa bweni letu wakisikia watajiona wadogo.

Sheria ya kazi ya nchi ile ya mwaka wa 2021 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi makao yanayofaa, au ampe pesa za makao, au azitie ndani ya mshahara. Dada ni keshia wa duka, na yeye alitiliwa ndani ya mshahara: dirhamu 2,200 kwa mwezi, yote kwa yote. Mwaka wa 2025 dirhamu moja ilikuwa kama shilingi 35 za kwetu, kwa hivyo ni kama shilingi 77,000. Kule nyumbani Voi watu wakisikia elfu sabini na saba, kila mtu anakumbuka shida yake. Hakuna anayeuliza kitanda ni ngapi.

Kitanda kilikuwa dirhamu 750. Mjomba, ambaye hajawahi kufika hata Namanga, alimpigia simu kumkaripia: kwa nini asihamie Sharjah, mji wa jirani, ambako rafiki yake alipata kitanda kwa 450? Dada hakubishana, alichukua kalamu. Basi la kutoka Sharjah lingemla kama dirhamu 24 kwa siku, kwenda na kurudi. Kwa siku 26 za kazi hiyo ni 624. Jumlisha na 450 upate 1,074. Kutoka Deira, metro ndani ya zoni moja ni dirhamu 3, yaani 6 kwa siku, 156 kwa mwezi. Jumlisha na 750 upate 906. Kitanda "ghali" kilikuwa nafuu kwa dirhamu 168, karibu shilingi 5,900! Na bado hujahesabu saa anazokaa mtu katika msongamano wa barabara ya Sharjah kila jioni, akiwa amesimama kazini tangu asubuhi. Kwa hiyo mimi nasema, anayechagua makao mjini kwa kutazama kodi peke yake hajachagua, amebahatisha.

Lakini hesabu ya nauli pia haitoshi, na hapa ndipo mimi na dada tulipokosana kidogo. Yeye alidhani akishapata penye bei nafuu karibu na kazi, basi amemaliza. Mimi nasema kuna mambo mawili zaidi. Kwanza ni mbao zile. Tarehe 15 Aprili 2023 jengo moja liliwaka moto pale Al Ras, Deira, watu 16 wakafa. Wakuu wa Dubai walisema jengo halikufuata masharti ya usalama. Mtu amelala nyuma ya mbao mbili na mapazia matatu, mlango uko wapi gizani?

La pili ni karatasi. Kule mkataba wa nyumba huandikishwa serikalini kwa mfumo uitwao Ejari. (Wanachama wa Kiswahili, neno hili ni ndugu wa damu na "ijara" na "ajira" zetu.) Jina la dada halikuwemo. Aliyekuwemo ni mtu mmoja aliyekodi nyumba nzima, kisha akauza vitanda, na sheria ya mwaka wa 2007 inamkataza mpangaji kupangisha wengine bila idhini ya maandishi ya mwenye nyumba. Mwezi wa Juni 2025 manispaa ilipotangaza msako wa vyumba vilivyokatwa bila kibali, Al Rigga, Satwa na kwingineko, mtu huyo aliwapa wapangaji wake siku mbili. Rehani ya dada ya dirhamu 500 ilikwenda na maji. Angeshtaki kwa karatasi gani? Hata risiti hakupewa.

Sasa wengine watasema, maskini hana la kuchagua. Ni kweli kwa yaya anayelala kwa mwajiri wake, na kwa mlinzi anayepelekwa kambini kwa basi la kampuni. Lakini dada alikuwa na uchaguzi, tena alijua kuna vyumba halali. Kilichomzuia ni sisi. Kila muhula nilimtumia ujumbe, "Dada, karo," na sikuwahi hata siku moja kuuliza, "Unalala wapi?" Tulikuwa tunamsukuma nyuma ya mbao kidogo kidogo, mimi, mjomba na ukoo mzima, huku tukimwombea baraka.

Siku hizi anakaa na Wakenya wawili katika chumba cha kuta za kweli, majina yao yameandikishwa kama wakaaji. Kodi yake ni dirhamu 1,050. Zile 300 zilizoongezeka ni shilingi 10,500 ambazo hazifiki tena Voi. Baba ameuza mbuzi wawili, na mimi muhula wa tatu nilifungua shule siku nne baada ya wenzangu. Mhasibu ananijua kwa jina. Mjomba amenuna. Dada alipopiga simu aliniuliza kama na mimi nimekasirika. Nikamwambia hapana, nikamwuliza kama chumba kina dirisha. Akasema linatazama tu maegesho ya magari, lakini linafunguka.

Mwanachama, Kidato cha Tatu